Pua ya Chama

Jumatatu, 3 Oktoba

Daftari hili ni la chama, la kuandikia unyevu wa kakao. Kurasa za mbele ni za kazi. Nimeligeuza juu chini ili nianzie nyuma, na mtunza ghala akiniuliza nitamwambia nanakili kanuni. Sina mtu wa kumwambia haya, na yakibaki kifuani nitapasuka.

Leo asubuhi maziwa yameungua. Nilikuwa hatua mbili kutoka jikoni, nimelipa jiko mgongo, nashona kifungo cha koti langu la kazi. Mume wangu aliingia mbio kutoka uani, povu la mswaki mdomoni, akaipua sufuria. Akauliza kama nimelala na macho wazi. Nikasema nilikuwa na mawazo.

Ukweli ni kwamba sikusikia harufu yoyote. Mafua yale ya wiki tatu yamepita, homa imepita, kikohozi kimepita. Mume wangu alipokwenda shambani nikajaribu kitunguu, mafuta ya taa, sabuni ya kufulia, halafu kiatu chake. Kiatu chake, jamani. Hakuna kitu. Ni kama kunusa glasi ya maji.

Wiki ijayo tunafungua ghala. Naogopa.

Jumanne, 4 Oktoba

Niandike sababu ya hofu yangu, huenda nikiiona kwenye karatasi ikapungua.

Chama chetu kina wakulima arobaini na moja, na mimi ndiye mkaguzi wao wa kakao huu msimu wa tano. Kila gunia linaloingia ghalani linapita mikononi mwangu. Nakata punje mia moja kwa kisu kwenye ubao wenye vishimo, natazama rangi ya ndani. Kahawia ni kakao iliyochachuka vizuri. Zambarau ni ya mtu mwenye haraka. Kijivu ni ya mtu asiyejali, na yenye ukungu haina mjadala. Halafu napima unyevu, usizidi asilimia saba na nusu. Mwisho nachukua konzi ya punje, nazisugua viganjani mpaka zipate joto, na nazinusa.

Hapo mwishoni ndipo penye roho ya kazi yote. Kakao iliyokaushwa juu ya moto inanuka moshi, na moshi ukishaingia kwenye punje hautoki hata uzianike mwaka mzima. Kwa macho huuoni. Kwa kipimo huupati. Ni pua tu. Ndiyo maana wakulima hawaniiti jina langu, wananiita Pua. Watoto wao nao wananiamkia, shikamoo mama Pua.

Chama cha ng'ambo ya mto kilipeleka shehena yenye moshi. Mnunuzi aliirudisha yote, akawafuta kwenye orodha misimu mitatu. Sasa wanauza kwa walanguzi barabarani, na nusu ya mashamba yao yamekuwa pori. Sisi tumeonywa kwa maandishi kwamba nasi hatutapewa nafasi ya pili.

Nimeandika yote, na hofu haijapungua hata kidogo.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimekwenda zahanati. Daktari amenimulika puani kwa tochi, akasema pua haina kasoro, ni mishipa ya kunusa ndiyo iliyoumia kwa homa. Nikamuuliza harufu itarudi lini. Akasema huenda baada ya wiki, huenda baada ya mwaka, huenda ikazoea kukaa huko iliko. Alicheka. Mimi sikuweza.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimemwambia mume wangu. Nilidhani atanigombeza. Akanishika mkono na kusema hili libaki humu ndani, mimi na yeye tu. "Wakijua, kesho wanamweka mwingine," alisema. "Kaa kimya, itarudi. Hapa nyumbani nitakunusia mimi."

Amechukua jiko zima. Anachemsha maziwa, anaonja mboga, ananusa nyama kama bado nzima. Jioni nililia kwa shukrani. Miaka kumi na sita ya ndoa, na bado kuna siku mtu anakushangaza.

Jumatano, 12 Oktoba

Siku ya kwanza ya kupokea. Jua kali wiki nzima, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya moto. Nilisugua, nikainusa hewa, nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Magunia kumi na manne, yote yamepita. Mtunza ghala aliyaandika kila nilipotikisa kichwa.

Yeye hawezi kunisaidia. Anavuta ugoro tangu ujana wake, na pua yake ilishastaafu kabla yangu.

Jumatatu, 17 Oktoba

Mawingu.

Jumanne, 18 Oktoba

Mvua.

Jumatano, 19 Oktoba

Mvua. Hakuna aliyeleta gunia.

Ijumaa, 21 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Mabanda ya nailoni ya chama ya kuanikia ni sita tu, na foleni ya kuyatumia imefika majina ishirini na mbili. Kakao iliyotoka kwenye masanduku ya kuchachushia haisubiri. Siku ya tatu ikiwa mbichi inaanza kuota ukungu. Kila mkulima ninayekutana naye anatazama juu, halafu ananitazama mimi. Zamani nilidhani wananiheshimu. Leo nimeona kwamba wananiogopa, na mimi nawaogopa zaidi.

Jumamosi, 22 Oktoba

Mume wangu ameamua kupeleka kakao yetu kwenye kibanda chetu cha shamba la juu. Anasema kule jua likichungulia kidogo linafika kwanza, na atakaa huko huko kuigeuza kila likitoka. Amenipikia chakula cha siku mbili na kuniandikia kwenye karatasi kipi nile kwanza. Watoto wako bweni. Nyumba kimya.

Jumanne, 25 Oktoba

Siku ya kupokea, na mvua ikinyesha juu ya bati mpaka tunaongea kwa kupaza sauti.

Nimejifunza ujanja. Kabla ya kunusa namuuliza mtu: umeanika wapi, siku ngapi, nani alikuwa anageuza? Huku namtazama shingo. Mwongo anameza mate. Naangalia kama ganda la punje lina mng'ao wa masizi. Nanusa muda mrefu kuliko zamani, kimya, ili mwenye dhambi atoe jasho na kujitaja mwenyewe. Mmoja amejitaja. Alisema, "Mama, nilisogeza karibu na jiko usiku mmoja tu," nikakataa gunia lake, na wote nyuma yake wakanong'ona kwamba pua ile ni hatari.

Nilitaka kucheka. Niliporudi nyumbani nilifunga mlango kwa komeo.

Ijumaa, 28 Oktoba

Leo imetokea aibu ambayo sijui itanifikisha wapi.

Mama mkwe alikuja ghafla. Haji kwangu mara kwa mara. Msimu uliopita nilimkatalia gunia mbele ya foleni nzima kwa moshi, na tangu siku hiyo haniiti mwanangu, ananiita Bibi Mkaguzi. Alikuwa anapita, mvua ikamzidi, akaingia. Nikampa kiti, nikamwekea chai, na mimi nikakaa na sahani yangu nikaendelea kula.

Alibaki amesimama, kitenge mdomoni. Akanitazama ninavyotafuna. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye kabati la vyombo, akalivuta, akaangalia nyuma yake.

"Kuna panya amekufa hapa," alisema. "Ana siku tatu huyu. Ameshaanza kuoza."

Mume wangu yuko shamba la juu tangu Jumamosi. Nimelala, nimeamka na nimekula na yule panya siku zote hizo. Nilisema nina mafua. Alimtoa kwa koleo, akampeleka nje, akarudi kuosha sakafu mwenyewe, akikataa nimsaidie. Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni kana kwamba anangoja nimwambie kitu. Nikamwambia njia inateleza.

Jumatatu, 31 Oktoba

Sijalala vizuri siku tatu. Amejua. Mwanamke yule hasahau gunia lake. Nikiona watu wawili wanazungumza dukani naona jina langu midomoni mwao.

Mvua.

Jumatano, 2 Novemba

Mama mkwe ameleta gunia lake. Alisubiri zamu yake, akalishusha mwenyewe, akalifungua mwenyewe. Nikakata punje mia moja: tisini na moja kahawia, safi kabisa. Unyevu saba. Nikachukua konzi, nikasugua, nikapeleka puani. Yeye hakuniondolea macho.

"Inanuka nini, Bibi Mkaguzi?" aliuliza, na foleni yote ikasikia.

Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa shimo. Nikisema moshi nayo ni safi, nimekwisha. Nikisema safi nayo ina moshi, nimekwisha pia. Nilitazama vidole vyake. Hakuna masizi kwenye kucha.

"Safi," nilisema.

"Haya," alisema, akakunja kanga yake na kuondoka. Sijui kama nilipatia.

Jumamosi, 5 Novemba

Mume wangu amerudi na magunia yetu mawili, yenye namba yetu ya uanachama, kumi na saba. Amechoka, macho mekundu, anasema amekesha akiigeuza. Alikuwa ameshafua nguo zake zote huko huko mtoni, ati asinipe kazi. Nilikagua magunia yetu kama ya mtu yeyote, nisije nikasemwa. Unyevu sita na nusu, katika mvua hii. Rangi nzuri. Nilijivunia mkulima wangu. Mtunza ghala alimpa mkono na kumuuliza siri yake, naye akasema siri ni kutolala.

Rafiki yake fundi baiskeli, namba ishirini na tisa, ameleta mawili siku hiyo hiyo. Makavu vilevile. Nimepitisha.

Jumanne, 8 Novemba

Mwenyekiti ametangaza tarehe. Tunachanganya Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Gari la mnunuzi linakuja Jumatatu inayofuata na mpimaji wao.

Kuchanganya ni hivi: magunia yote yanamwagwa kwenye turubai moja kubwa, wanaume wanakoroga kwa koleo mpaka shehena nzima iwe kitu kimoja, ndipo inajazwa upya. Leo kila gunia lina namba ya mwenyewe. Likiwa na moshi tunaweza kulitoa. Baada ya kuchanganya hakuna gunia la mtu tena. Gunia moja bovu linakuwa magunia mia mabovu, na watu arobaini na moja wanafutwa kwa sababu yangu.

Nina siku kumi na moja.

Ijumaa, 11 Novemba

Mama mkwe amenikuta nikifagia mbele ya ghala, mtunza ghala akiwa amekwenda kunywa chai. Alisimama mbali kidogo na kuongea taratibu, akitazama barabarani kama mtu anayesubiri gari.

Aliniambia gunia lake ni safi, amelianika ndani ya chumba chake cha kulala kwa siku tisa, yeye akalala kwa jirani. Nilipatia kwa bahati. Halafu akasema Jumamosi iliyopita alipita hapa magunia ya fundi baiskeli yalipokuwa yamepangwa nje, na yalinuka mpaka macho yakamwasha. Na mimi nilikuwa nimekwisha kuyatia muhuri.

Nilifungua mdomo nikatafuta uongo. Hakunipa nafasi. Alisema yeye hatamwambia mtu, kwa sababu si pua yake, ni yangu. Akaenda zake.

Afadhali angenitukana.

Jumapili, 13 Novemba

Jana usiku nilimwambia mume wangu kila kitu. Nilisema lazima nimwambie mwenyekiti kabla ya kuchanganya. Aliweka chini mwiko aliokuwa ameushika.

Alinikumbusha nilivyowakatalia watu misimu minne, na ni wangapi wananisubiri nianguke. Alisema watadai nilipitisha kwa makusudi, kwa upendeleo. Alisema mama yake amezeeka na ana kinyongo, ananichimba. Alisema moshi wa magunia mawili ndani ya magunia karibu mia utapotea, hakuna mpimaji atakayeusikia. Aliongea kwa upole sana na kunifuta machozi kwa kiganja chake. Nikalala nikiwa nimeamini.

Nimeamka sijaamini. Moshi haupotei. Yeye ni mkulima, anajua hilo kama ninavyojua mimi.

Jumatatu, 14 Novemba

Mvua. Nimekwenda mpaka mlango wa mwenyekiti, nikamuuliza habari za nyumbani, nikarudi.

Jumanne, 15 Novemba

Nimemwambia mwenyekiti unyevu umepanda kwa sababu ya hali ya hewa, tusogeze siku ya kuchanganya. Akachukua kipimo mwenyewe, akachoma magunia matano. Saba, saba, sita na nusu, saba, saba. Akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 17 Novemba

Nimekwenda kwa mama mkwe. Chumba chake bado kina punje moja moja kwenye pembe za sakafu. Nilipiga magoti kumwamkia, na nikabaki chini pale, nikamwomba aje Jumamosi mapema kabla ya watu, aninusie magunia kimyakimya, nami nitayatoa yenye moshi na kusema yana wadudu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kunusa kwa kujificha siwezi," alisema. "Mwaka jana ulinikatalia mbele ya watu. Nilikuchukia, lakini sikukudharau. Sema mwenyewe mbele yao, mimi nitakuwa nimesimama karibu."

Nikamuuliza kama haogopi watanifanya nini. Akasema anaogopa sana. Akanimiminia chai, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana akaniita mwanangu.

Ijumaa, 18 Novemba

Mume wangu ameniuliza mara mbili kama nimeamua nini. Nikasema nimeamua kunyamaza. Sijui kwa nini nimemdanganya. Mkono wangu umeandika hivyo, na nikiyatazama maneno hayo naogopa kuendelea.

Jumapili, 20 Novemba

Jana sikuweza kushika kalamu.

Watu walifika saa mbili asubuhi. Turubai lilikuwa limetandikwa, koleo nane zimeegemezwa ukutani, magunia tisini na sita yamepangwa kwa safu. Mvua ilikuwa imekatika, na kwa mara ya kwanza baada ya mwezi jua liliingia mlangoni. Mwenyekiti alisoma majina, kisha akaniomba niseme neno kama kila mwaka, kwamba kakao yote imekaguliwa na ni salama.

Nilipanda juu ya mzani kwa sababu ndipo nilipozoea kusimama. Sindano ikapanda mpaka kwenye kilo zangu, na mtu mmoja akanitania kwamba nimekonda. Nikashika nguzo.

"Siwezi kunusa," nilisema. "Tangu niumwe mwezi wa tisa sisikii harufu ya kitu chochote. Nilijua na nikaficha. Magunia haya nimeyapitisha kwa macho tu. Tukichanganya leo, sijui tunachanganya nini."

Wengine walicheka, wakidhani bado ni utani. Mwenyekiti akavua miwani. Kicheko kilikufa pole pole, mtu mmoja mmoja. Mzee mmoja wa safu ya mbele akauliza kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nasugua punje na kuinua pua kwa maonyesho. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, kana kwamba hakusikia. Nikasema ndiyo, baba. Sauti zikaanza kutoka kila upande, na nilidhani watanishusha kwa mikono.

Mama mkwe alikuwa amekuja na kigoda chake. Alisimama.

"Pua yangu ni nzima," alisema. "Mwaka jana huyu alinikatalia gunia hapa hapa, na haki ilikuwa yake, nililikausha juu ya jiko. Asiyetaka niguse gunia lake aseme sasa."

Hakuna aliyesema. Ilikuwa namna ya kuwafunga wote, maana atakayekataa amejitaja.

Akaanza safu ya kwanza. Mimi nilifungua magunia na kuyafunga, yeye akachukua konzi, akasugua viganjani, akapuliza maganda, akanusa. Kila gunia aliligusa na kusema "sawa," kisha anasogeza kigoda. Safu ya kwanza nzima sawa. Safu ya pili sawa. Nilianza kupumua. Katika safu ya tatu alifika namba ishirini na tisa na hakuchukua hata konzi. Aliinama tu akarudi nyuma.

"Moshi."

Gunia lake la pili, moshi. Namba thelathini na tatu, la jirani ya fundi baiskeli, moshi. La pili lake pia. Watu wakamgeukia fundi baiskeli, na yeye akarudi hatua mpaka mgongo ukagusa koleo, zikaanguka zote kwa kishindo.

"Mbona mnaniangalia mimi?" alisema. "Mume wake ndiye aliyetuita kibandani kwake. Alisema msimu huu pua ya chama imekufa, tukaushe bila wasiwasi. Kuni tulichanga sote."

Nilikuwa nimeshika kamba ya gunia, nimeanza kulifunga. Nikaendelea kulifunga. Nakumbuka nilipiga fundo mara tatu. Nakumbuka kwamba nilifikiria nguo zilizofuliwa mtoni, na macho mekundu, na mtu anayenusa nyama yangu kwa upendo na kuniambia bado nzima. Wiki tano zote nilikuwa naogopa foleni, naogopa mama mkwe, naogopa mwenyekiti. Pale nyumbani ndipo nilipokuwa napumzika.

Sikumtafuta kwa macho. Nilijua amesimama kwenye mlango wa pembeni kwa sababu kivuli chake kilikuwa kwenye turubai.

Mama mkwe alisogeza kigoda. Magunia yetu yalikuwa mwisho wa safu ile. Angeweza kuyaruka, wengi walikuwa wanamtazama fundi baiskeli. Angeweza kusema "sawa" kama alivyosema mara sabini hivi, na mimi nisingejua mpaka nakufa. Ni mwanawe wa pekee wa kiume. Alikaa chini. Alichukua konzi akaisugua muda mrefu kuliko zote, akainusa, akafumba macho.

"Moshi," alisema. Akalisogelea la pili. "Na hili."

Kile kivuli kikaondoka kwenye turubai.

Yalipatikana sita kwa jumla. Yalitolewa nje. Fomu ya kukataa gunia inataka sahihi mbili, ya mkaguzi na ya mkulima. Nilijaza ya namba ishirini na tisa, akasaini bila kunitazama. Nilijaza ya thelathini na tatu. Nilipofika kumi na saba mwenyekiti akamwita mume wangu mara tatu na hakuna aliyeitika. Namba yetu imeandikishwa kwa majina mawili, lake na langu. Nikasaini kwenye mstari wa mkaguzi. Kisha nikasaini kwenye mstari wa mkulima.

Magunia tisini yakachanganywa. Sauti ya punje zikimwagika ni ile ile ya kila mwaka, kama mvua ya mawe. Niliisikiliza mpaka ikaisha kwa sababu hilo masikio yangu bado yanaweza.

Jumatatu, 21 Novemba

Mpimaji wa mnunuzi amekata, amepima, amenusa. Alinusa mara mbili. Amesaini. Gari limeondoka saa tisa alasiri. Mwenyekiti alikaa juu ya mzani akaficha uso kwa kofia yake.

Jumanne, 22 Novemba

Kikao. Namba tatu zimesimamishwa msimu mmoja, yetu ikiwemo. Kisu na ubao nimeachiwa, kwa tofauti ya kura chache. Kunusa amepewa mama mkwe. Wameanza kumwita Pua, na mimi nimebaki bila jina. Wawili wamepita wakitema mate karibu na miguu yangu. Wengine watatu wamenisalimu.

Alhamisi, 24 Novemba

Mume wangu amerudi jana mchana. Alisema alifanya kwa ajili yetu, kakao ilikuwa inaoza, na hakuna mtu angeumia. Nilimuuliza jambo moja tu: siku ile aliponishika mkono na kusema libaki humu ndani, je, alikuwa ameshawaza kibanda? Alitazama chini akasema hakumbuki.

Hilo ndilo ninaloliogopa sasa, kwamba huenda kweli hakumbuki. Nitaishi vipi ndani ya nyumba ambayo siwezi kujua kinachoungua, na anayejua ni yeye?

Leo asubuhi alibandika maziwa. Nikaingia jikoni nikasimama karibu na sufuria. Akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Nenda ukakae, nitakunusia."

Sikwenda. Nilisimama pale pale nikiyaangalia kwa macho, mpaka yalipoanza kupanda, nikayaipua mwenyewe.